Umeme umerudi, mashini haiwaki: tafuta dalili kabla ya kununua stabilizateri

Karibu kila kifaa kinacholetwa mezani kwangu hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu mashariki mwa Kongo, kinakuja na maelezo yale yale: "Fundi, umeme umeunguza." Nikiuliza umeme gani, mteja ananishangaa. Lakini kuna umeme uliozidi, kuna uliopungua, kuna uliokatika ukarudi kwa kishindo, na kuna wa radi ambao pengine haukupita kwenye nguzo hata kidogo. Kila mmoja unaacha alama zake na una kinga yake. Hapa Bukavu tumeamua kwamba dawa ni moja, stabilizateri (kifaa cha kurekebisha volti), kama mganga anayetoa mzizi mmoja kwa tumbo, kwa jino na kwa ndoa.

Kabla hujatoa dola zako, nunua multimeta. Hata ile ya bei nafuu ya rangi ya njano inatosha kwa kazi hii. Iweke kwenye volti za AC (umeme wa ukutani), kipimo cha juu kabisa (mara nyingi 600 au 750), ndipo uingize ncha zake kwenye prizi (tundu la umeme la ukutani). Kwetu inatakiwa isome karibu na 220. Bisibisi ya kupimia, ile yenye taa ndani ya mpini, haitakusaidia: inawaka kwenye volti 120 na inawaka vilevile kwenye 380. Inakuambia umeme upo, haikuambii ni kiasi gani.

Balbu inang'aa kupita kiasi, au ya jirani inafifia wakati yako inang'aa

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoua vifaa vingi kwa wakati mmoja, na ndiyo watu wasioijua.

Ilinikuta nyumbani jioni moja, tunakula. Balbu ya sebuleni ikabadilika kutoka njano kuwa nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Televisheni ikatoa mlio kama nyuki kwenye kopo. Nikatazama dirishani: nyumba ya ng'ambo ya uchochoro balbu yao ilikuwa nyekundu, inafanana na kaa la moto. Nikaacha ugali mkononi nikakimbilia dijonkteri kuu, swichi inayokata umeme wa nyumba nzima. Nilichelewa kama sekunde kumi. Televisheni, chaja mbili za simu na modemu, vyote vimekwenda.

Kilichotokea ni kukatika kwa netri. Nguzo ya mtaani hubeba nyaya tatu za fazi (zinazoleta umeme) na moja ya netri (unaorudia umeme). Kati ya fazi na netri kuna volti 220. Kati ya fazi na fazi kuna 380. Nyumba yako imeungwa kwenye fazi moja, ya jirani kwenye nyingine, na netri mnatumia moja. Waya huo ukilegea au ukikatika, kwenye nguzo au kwenye kabini (nyumba ya transfoma), umeme hauna pa kurudia isipokuwa kupitia nyumba ya jirani. Sasa nyumba mbili zinagawana zile 380, na hazigawani sawa. Anayetumia kingi anapata volti kidogo, anayetumia kidogo anapata nyingi. Jirani akiwa anapiga pasi na wewe una balbu mbili za LED na chaja, karibu 380 zote zinakuangukia wewe.

Chaja ya kompyuta imeandikwa 100–240 V, na watu wanaiona kama ngao. Ndani yake kuna kapasita kubwa (kipande kinachohifadhi umeme), mara nyingi ya volti 400. Umeme wa 240 ukigeuzwa kuwa DC (kama wa betri) unafika kama volti 340, kapasita inavumilia. Umeme wa 380 unafika zaidi ya 530. Kapasita inafura kofia yake, inapasuka, na chumba kinajaa harufu kama ya samaki aliyeungua kwenye plastiki. Ukiisikia harufu hiyo kwenye vifaa viwili au zaidi kwa wakati mmoja, usitafute sababu nyingine.

Dalili za mapema zipo. Jirani akiwasha pasi na balbu yako *ikaongezeka* mwanga, netri imelegea mahali. Kwa kawaida mzigo wa jirani hupunguza mwanga wako, hauongezi. Pima prizi wakati huo. Ukiona 245, kisha 205, kisha 250 ndani ya dakika chache, zima dijonkteri kuu, waite majirani nao wazime, na mtoe taarifa kwa watu wa shirika la umeme. Usimwite kijana wa mtaani apande nguzo na koleo. Netri iliyokatika inaweza kuwa na umeme wa kuua ingawa kila mtu anaiita "waya usio na moto".

Dijonkteri ya kawaida haikulindi hapa, kwa sababu inahesabu ampea, haihesabu volti. Stabilizateri nyingi zinaishia kurekebisha 250 au 260 hivi. Kwenye 380 zinaungua zenyewe kwanza, na zikiwa na bahati zinakufa peke yao. Kinachofaa ni kifaa kinachokata umeme volti zikizidi au zikipungua. Madukani huuzwa kama protekta ya frigo, na kipo pia cha kufungwa kwenye boksi la dijonkteri kulinda nyumba nzima. Kiweke kikate juu ya 250 na chini ya 180, na kisubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kurudisha. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu, chukua hiki.

Umeme umerudi baada ya delestaji (mgao wa umeme) na kitu hakiwaki

Umeme wetu unatoka mto Ruzizi, pale ziwa Kivu linapomwaga maji. Kituo cha Ruzizi I kinafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II tangu 1989. Chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa kwenye mifereji inateremka ziwani na kwenda kujikusanya mbele ya mitambo, na mitambo ikizibwa inasimamishwa ili isafishwe. Kwa hiyo kukatika hakutaisha mwezi huu. Chupa ni zetu.

Hatari kubwa haiko kwenye kukatika. Iko kwenye kurudi. Watoto mtaani wanapiga kelele za furaha, na katika sekunde hiyo hiyo kila frigo, kila redio na kila pasi iliyosahaulika inavuta kwa pamoja. Volti zinashuka, zinaruka, zinashuka tena, na pengine umeme unakatika mara mbili tatu kabla ya kutulia. Frigo ndiyo inayoumia zaidi: kompresa iliyozimwa ghafla ina gesi yenye shinikizo upande mmoja, na ikilazimishwa kuanza kabla shinikizo halijasawazika inanguruma "mmm", inalia "tak", inanyamaza, inaanza tena. Ukisikia wimbo huo, ichomoe na usubiri dakika tano kwa saa.

Desturi ya nyumbani kwangu haina gharama: umeme ukikatika tunachomoa kila kitu isipokuwa balbu moja ya ukumbini. Balbu ndiyo mpelelezi. Ikiwaka na kutulia dakika tano, tunarudisha vingine kimoja kimoja, frigo ya kwanza na kompyuta ya mwisho.

Ikiwa mashini tayari imegoma, usikimbilie kusema imeungua. Kompyuta ya mkononi: chomoa chaja, toa betri kama inatoka, bonyeza kitufe cha kuwashia nusu dakika nzima, kisha rudisha chaja peke yake. Nyingi zinaamka hapo, kwa sababu saketi ya ulinzi ilikuwa imejifunga tu. Haikuamka, pima mdomo wa chaja kwenye volti za DC. Linganisha na namba iliyoandikwa mgongoni mwake, mara nyingi 19 na kitu. Ukipata sifuri, chaja imekufa na huenda mashini ni nzima. Watu wameuza kompyuta nzima kama vyuma chakavu kwa ajili ya chaja.

Kompyuta ya mezani: tazama nyuma penye waya wa umeme. Baadhi ya pawasaplai (kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani) za zamani zina swichi ndogo nyekundu ya 115 na 230. Mtoto akiichezea ikakaa 115, siku utakapowasha utasikia mlipuko. Ikiwa ipo kwenye 230 na bado kimya, fundi aifungue. Wewe usiifungue, maana kapasita za ndani zinabaki na volti zaidi ya 300 hata waya ukiwa umechomolewa.

Kwa anayefungua, fyuzi inasema mengi. Kioo kikiwa safi na uzi umekatika katikati, ulikuwa mzigo wa kawaida uliozidi kidogo. Kioo kikiwa cheusi kama masizi ya taa, kuna shoti kubwa nyuma yake, mara nyingi varista, kipande kinachomeza volti zilizozidi, iliyojitoa mhanga. Ibadilishe pamoja na fyuzi, sehemu mbili za bei ya pipi, na kifaa kinafufuka. Halafu kuna wale wanaoondoa fyuzi na kuweka uzi mmoja wa waya wa shaba. Kifaa kinawaka, mteja anashukuru, na siku ya pili kinachoungua ni nyumba.

Mashini inajizima jioni, taa za neon hazishiki, frigo inanguruma tu

Hizi ni volti chache. Lakini chache za nani? Chukua daftari, pima saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku, siku tatu. Usiku ukisoma 150 na alfajiri 220, laini ya mtaa imeelemewa: kabini ni moja, nyumba zimeongezeka, na waya unaopanda mlimani kuja kwenu ni mwembamba na mrefu. Hapa stabilizateri inastahili jina lake.

Ikiwa volti zinashuka tu *wewe* unapowasha pasi, ugonjwa uko ndani ya nyumba. Pima bila pasi, kisha pima na pasi. Pengo la volti tano si neno. Pengo la ishirini maana yake kuna kiungo kilicholegea au waya wa redio uliogeuzwa kuwa waya wa nyumba. Pitisha kiganja juu ya prizi na ralonji (waya wa kuongezea prizi) baada ya robo saa: palipo na joto, au plastiki iliyogeuka rangi ya chai, ndipo penyewe. Kununua stabilizateri kwa nyumba kama hii ni kumnywesha mgonjwa kahawa ili asisinzie.

Kuhusu ukubwa: stabilizateri ya VA 500 (volti mara ampea) inatosha kompyuta na skrini, haitoshi frigo, kwa sababu kompresa inapoanza huvuta mara tano na zaidi ya matumizi yake ya kawaida. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Ili itoe volti 220 kutoka kwenye 150, stabilizateri lazima ivute ampea nyingi zaidi kutoka kwenye laini. Mtaa mzima ukiwa nazo, kila mmoja anamnyang'anya mwenzake, na zile 150 zinakuwa 140.

Kila kitu kilichomolewa, na bado dekoda imekufa

Mama mmoja alinijia na dekoda na modemu, amezifunga kwenye kitenge.

"Fundi, hizi nilichomoa mwenyewe kabla ya mvua. Mwenyewe, kwa mkono huu."

"Mama, ulichomoa na waya wa antena?"

Akanyamaza. Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu anayehesabu hasara.

Radi haihitaji prizi. Inaingia kwa waya wa antena, wa sahani ya setilaiti, hata wa intaneti uliovutwa kutoka nyumba kubwa kwenda chumba cha uani. Haihitaji hata kuipiga nyumba. Ikianguka jirani, waya mrefu wowote unavuna volti za kutosha kuua saketi ndogo. Alama yake: ukifungua kifaa, upande wa umeme ni mzima na upande wa antena ni mweusi. Kwa kompyuta, tundu la kebo ya mtandao linakufa peke yake na mashini inaendelea na maisha yake.

Na sisi tumejenga chini ya radi. Teritware ya Kabare, tunayopakana nayo, ndiyo ya kwanza Afrika kwa wingi wa mimweko ya radi: watafiti waliochambua data za setilaiti TRMM walichapisha mwaka 2016 hesabu ya mimweko kama 205 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani inapitwa na ziwa Maracaibo la Venezuela, lenye kama 233. Mingi huishia mawinguni, lakini inayoshuka inatosha.

Kwa hiyo kuanzia Septemba hadi Mei, chomoa waya *zote*, na uziweke mbali na kifaa, usiziache zikining'inia sentimita mbili kutoka kwenye tundu. Fanya hivyo wakati ngurumo bado ziko mbali. Hesabu kutoka mwanga hadi sauti, gawa kwa tatu, unapata kilomita. Ukifika chini ya sekunde thelathini, usiguse tena waya wowote. Acha kinachopotea kipotee.

Parafudri (kinga ya radi) ya ralonji, yenye taa ya kijani, ni nzuri kwa miruko midogo ya volti, haiwezi radi ya karibu. Na taa hiyo ikizimika huku prizi zikiendelea kufanya kazi, ulinzi umekwisha na umebaki na ralonji ya kawaida ya bei ghali. Nimefungua kadhaa za sokoni ambazo ndani hazikuwahi kuwa na varista: swichi, taa, na waya tu.

Ukigusa kasha la kompyuta unahisi kama sisimizi

Kichujio kilicho ndani ya pawasaplai huunganisha kasha na waya wa ardhi. Ardhi isipokuwepo, kasha linabaki na nusu ya volti za prizi, yaani kama 110, kwa ampea ndogo mno. Haiui, lakini inakuambia kwamba tundu la tatu la prizi yako ni pambo, na kwamba parafudri uliyonunua haina pa kumwagia inachokamata.

Pima kati ya fazi na pini ya ardhi: inatakiwa ikaribie 220. Ukipata 60 au namba inayocheza, hakuna ardhi. Tiba ni nondo ya shaba ya mita moja na nusu hadi mbili, ipigwe mahali penye unyevu, si juu ya changarawe. Mafundi waliosoma kwa kanuni za Kifaransa wanalenga chini ya ohm 100, na wanafunga pia dijonkteri ya difarenshali, inayokata umeme ukivuja, kwa sababu nondo peke yake haitoshi kuangusha dijonkteri ya kawaida waya ukigusa kasha. Udongo wetu mwekundu wa Bukavu unasaidia. Ndugu zangu wa Goma wana kazi: nyumba nyingi zimekaa juu ya mwamba wa lava ya Nyiragongo, ile ya 2002 na ya kabla yake, na lava kavu haipitishi umeme vizuri, hata ukifanikiwa kuitoboa. Huko inabidi kutafuta mfuko wa udongo, au kuzika waya mrefu wa shaba mlalo pamoja na udongo ulioletwa. Usiunge waya wa ardhi kwenye bomba la maji. Mabomba mengi siku hizi ni plastiki, na lile la chuma linafika hadi bafuni kwa jirani.

Ondileri (UPS, kisanduku chenye betri ya akiba) inalia na kuzima baada ya dakika moja

Ikiwa na umri wa miaka mitatu, ni betri, usisumbuke kutafuta kingine. Ondileri ndogo ina betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 7. Hizo ni wati-saa 84 kwenye karatasi; kompyuta ya mezani na skrini zinazokula wati 120 utazipa robo saa hivi betri ikiwa mpya, si zaidi. Kwenye delestaji ya kila siku inachoka mapema, hasa ikiachwa tupu siku mbili: risasi inaota chumvi na haipokei tena. Baada ya kila kukatika inahitaji saa sita hadi nane za kuchaji, na kwenye mtaa unaopata umeme saa nne kwa siku hesabu haikubali. Hapo afadhali kompyuta ya mkononi, ambayo betri yake ni ondileri tosha.

Ikizima papo hapo mara tu umeme unapokatika, angalia ulichochomeka. Namba 650 kwenye kasha ni VA. Wati halisi ni kama 360. Printa ya leza ikipasha joto inazimaliza zote peke yake.

Ikilia muda wote ukiwa kwenye jenereta, ondileri si mbovu. Jenereta ndogo inayumba, na ondileri inaukataa umeme wake na kurudi kwenye betri kila dakika, hadi betri inaisha huku jenereta inanguruma. Jenereta ya aina ya inveta inamaliza ugomvi huo. Na jenereta yoyote ifungwe kwa swichi ya kubadilishia, isichomekwe kwenye prizi ya ukutani: umeme utapanda hadi kwenye nguzo na kumkuta fundi aliyeambiwa laini imezimwa.

Mashini inawaka lakini faili hazifunguki

Umeme ulikatika diski ikiwa inaandika. Kwenye Windows endesha ukaguzi wa diski, chkdsk, mara moja. Ukisikia diski inagonga "tik, tik, tik" kwa mdundo sawa, zima hapo hapo na usiendeshe ukaguzi wowote. Kila mzunguko unakwangua kilichobaki. Mwanafunzi mmoja aliniletea diski ya namna hiyo yenye kazi yake ya mwisho wa masomo, baada ya kuiwasha na kuizima wiki nzima akiomba Mungu. Nilipata sura mbili kati ya tano.